Kadi yenye jina

Nyumbani wanatuita wabeba maboksi. Ukiwa Marekani na huna cheo cha kutangazwa harusini, wewe ni mbeba boksi tu, hata kama shughuli yako ni kuosha mabasi. Mimi hapa Pittsburgh natunza wazee majumbani mwao, mwaka wa saba sasa, na boksi nililokuja kulibeba kweli ni moja: la viatu, la kijivu, limefungwa kwa kamba. Nililishusha kutoka juu ya kabati la mzee mmoja ninayemhudumia zamu za jioni. Nilipoigusa tu ile kamba nikajua ni katani. Mtu wa Tanga haonyeshwi katani.

"Taratibu," Mzee akasema kutoka kitini. "Humo mna mwaka 1955."

Ndani mlikuwa na kadi. Vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kitambulisho cha mpiga kura, vyenye picha za wanaume waliovaa kofia na kutazama mbali kama wanaosubiri daladala. Nikazihesabu kwa amri yake: mia moja arobaini na tatu. Besiboli wakati huo nilikuwa naiona kama rede ya watu wazima waliosahau kuvua pajama, kwa hiyo nilizipanga mezani bila heshima yoyote, kama karata chakavu. Nikauliza swali ambalo Mtanzania yeyote angeuliza. Zinauzwa kiasi gani?

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Nyingi hazitakununulia hata chakula cha mchana." Kisha akapapasa katikati ya rundo, si juu, akachomoa moja. "Hii inanunua gari. Yaani si hii yenyewe. Ndugu yake aliyetunzwa vizuri."

Ilikuwa na tundu la pini kwa juu. Alipokuwa na miaka kumi aliibandika ukutani juu ya kitanda chake.

Nimeingia kwenye mambo haya kama mtu anavyoingia kwenye bao: unasimama kutazama tu, mara unajikuta umekaa. Na kilichonikalisha ni swali moja. Kampuni zimechapa kadi za besiboli kwa zaidi ya miaka mia, nyingine kwa mamilioni. Kwa nini chache tu zina jina?

Neno jina nalitumia kwa makusudi. Mama yangu aliuza kanga Ngamiani, kule Tanga. Mteja akifika hakuanza na rangi, alianza na "ina jina gani?", akimaanisha yale maneno yaliyochapwa chini. Unaweza kuwa na kanga mbili za pamba ileile, maua yaleyale. Moja inaisha kabla ya adhuhuri, nyingine inakaa rafuni mpaka inashika alama ya mkunjo. Tofauti ni maneno. Mama alikuwa akisema kanga mbovu yenye jina itavaliwa, kanga nzuri isiyo na jina itafungia mtoto. Basi nimezunguka maonyesho ya kadi kwenye kumbi za hoteli za mji huu, nimesoma, nimebishana na vijana wanaonijua kwa beji tu, na jibu langu limerudi Ngamiani. Kadi inanunuliwa kwa jina. Lazima iwe na neno ambalo mtu asiyejua mchezo anaweza kuambiwa kwa pumzi moja, akashangaa, akaenda kulisimulia kwingine.

Kadi maarufu kuliko zote ni ya mtu wa hapahapa. Honus Wagner alizaliwa mwaka 1874 katika kimji ambacho sasa kinaitwa Carnegie, jirani na Pittsburgh, na utotoni alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Aliichezea Pittsburgh Pirates, nafasi yake ikiwa kati ya kituo cha pili na cha tatu, na mara nane alimaliza msimu akiwa mpigaji bora wa ligi yake. Mwaka 1936, walipochaguliwa wachezaji watano wa kwanza kabisa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, alikuwa mmojawao pamoja na Babe Ruth. Sanamu yake iko nje ya uwanja wa PNC Park; nikishuka kwenye basi upande ule huwa nampita akiwa ameshika gongo lake la shaba. Mzee naye ni mtu wa Carnegie. Baba yake, kila walipopita, alimwonyesha nyumba ya Wagner kwa kidole, kama sisi tulivyoonyeshwa kaburi la sharifu.

Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilikuwa ikitia kadi ndogo ndani ya pakiti za sigara. Kadi iliifanya pakiti isipondeke mfukoni, na ikamfanya mvutaji arudi kununua nyingine ili akamilishe seti. Zaidi ya sura mia tano zilichapwa. Wagner akakataa yake isitolewe. Hapo ndipo jina lilipozaliwa, kwa sababu uchapaji ulikuwa umeshaanza, ukasimamishwa, na zinazojulikana leo hazifiki hata mia. Kwa kawaida hutajwa hamsini na kitu, sitini hivi.

Kwa nini alikataa? Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake. Wengine husema alitaka alipwe. Mimi naona simulizi ya kwanza inapendwa zaidi kwa sababu ni safi, lakini mtu mwenyewe alikuwa mtafunaji wa tumbaku, na uso wake ulishawahi kuuzia biri. Ninayoipenda ni ya tatu, iliyoandikwa gazetini mwaka 1912: mwandishi wa michezo wa Pittsburgh aitwaye John Gruber aliahidiwa dola 10 akimpatia kibali Wagner. Wagner akamjibu hapana, na ndani ya barua ya kukataa akatia hundi ya dola 10 ili Gruber asipate hasara. Gruber hakuitoa benki ile hundi. Aliiweka kama kumbukumbu. Unaona? Mtu anakataa kuuza uso wake halafu analipa gharama ya kukataa. Hiyo ndiyo kanga inayoisha kabla ya adhuhuri.

Na kadi yenyewe si kitu, jamani. Nimeiona nakala yake kwa ukubwa halisi: upana wake hautimii sentimita nne, urefu haufiki saba. Nyuma ya kichwa rangi ya chungwa, nywele zimepasuliwa katikati, kifuani maandishi PITTSBURG. Sikukosea kuandika. Kuanzia 1891 serikali iliinyang'anya Pittsburgh herufi yake ya mwisho ili majina ya miji yafanane, wenyeji wakanung'unika miaka ishirini mpaka wakarudishiwa mwaka 1911. Kadi ya Wagner ilichapwa katika miaka ile ambayo mji haukuwa na h. Ukimwambia Mzee kwamba herufi moja ni kitu kidogo, jiandae kukaa.

Aliyeipa nguvu ya kwanza alikuwa mkusanyaji, Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, mtu wa kawaida mwenye viungo vilivyokakamaa kwa ugonjwa. Alitengeneza orodha ya kadi zote alizozijua na kuzipa namba. Zile za tumbaku akazipa herufi T, na seti ya Wagner ikawa T206, ndivyo inavyoitwa mpaka kesho. Katika orodha yake kadi nyingine zilikuwa za senti. Ya Wagner akaiandikia dola 50. Baadaye alitoa mkusanyo wake wote, vipande zaidi ya 300,000, kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, akakaa huko miaka akizibandika kwenye madaftari makubwa. Kwa gundi. Na Wagner yumo humo, amegandishwa. Nilipomsimulia kijana mmoja wa maonyesho kuhusu gundi ile, alishika kichwa kama nimemwambia kuna msiba. Burdick alimaliza kazi Januari 1963, na mwezi Machi akafariki.

Ile yenye sifa kuliko Wagner wote ilinunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na bingwa wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake. Mwaka huohuo ilianza kampuni ya PSA, inayopima hali ya kadi kwa alama 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki, na Wagner huyo ndiye aliyepewa namba ya kwanza kabisa. Alipata 8. Kona zake kali, kingo zimenyooka, kadi ya umri wa miaka themanini inang'aa kama imetoka dukani jana. Watu walinong'ona. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali wa minada Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake kabla ya kuiuza.

Kwa sheria za wakusanyaji kadi iliyokatwa imeharibika. Ungetegemea ianguke kama nazi. Haikuanguka, imezidi kutajwa, kwa sababu sasa ina simulizi mbili. Na Wagner wengine waliochakaa, wenye kona za mviringo na mikunjo, hawakuumia hata kidogo: mmoja aliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25 akiwa na alama 2 tu.

Hapo watu huniambia: Salehe, wewe unazunguka, ni uadimu tu. Kitu kikiwa kichache kinapanda. Nakataa. Katika seti hiyohiyo ya T206 kuna kadi ya Joe Doyle iliyokosewa maandishi ya ligi, na zinazojulikana ni chache kuliko za Wagner. Inauzwa ghali, sibishi, lakini simama Market Square hapa mjini uwaulize wapita njia mia moja Joe Doyle ni nani. Jina lake halisimuliki nje ya chumba cha wenyewe. Ukitaka kulieleza unahitaji kalamu na karatasi.

Upande wa pili kuna Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, kwenye kadi ya kampuni ya Topps ya 1952, namba 311. Si adimu, zilizopimwa peke yake zimepita elfu. Wala si kadi yake ya kwanza, maana mwaka 1951 kampuni ya Bowman ilikuwa imeshamtoa. Lakini Agosti 2022 moja yenye alama 9.5 iliuzwa dola milioni 12.6, na mwenye nayo alikuwa ameinunua 1991 kwa dola 50,000. Jina lake liko baharini. Kadi zile ziliuzwa pamoja na bigijii, na kundi la mwisho la mwaka 1952, kuanzia namba 311 hadi 407, lilitoka msimu unakaribia kwisha, watoto wameshahamia mpira wa Kimarekani. Wenye maduka hawakulitaka. Makasha yakalala ghalani miaka minane, mpaka Sy Berger, yuleyule aliyezibuni kadi hizo mezani jikoni kwake Brooklyn, alipozipakia kwenye tishari la takataka na kwenda kuzimwaga Atlantiki mwaka 1960. Alisimulia mwenyewe. Mimi ni mtoto wa pwani, na kila nikiifikiria picha ile namwona pweza akiwa na Mantle hamsini chini ya jiwe. Jina kubwa, nakiri. Ila kadi yenyewe inanichosha. Kila meza ya maonyesho ina Mantle mmoja chini ya kioo, na mbele yake mwanaume wa makamo amesimama na macho ya japo sipati tamaa sikati.

Katika seti ile ya 1952 Mzee ananicheka kwa kumpenda Andy Pafko. Hakuwa nyota mkubwa. Alikuwa namba 1. Watoto walipanga kadi zao kwa namba, wakazifunga kwa mpira, na wa juu kabisa akawa Pafko, shingo yake ikiliwa na mpira, uso ukisuguliwa na kila meza na kila mfuko. Ndiyo maana Pafko mzima ni mgumu kumpata. Amekuwa na jina kwa kuumia badala ya wenzake.

Sasa ile ya Mzee, yenye tundu. Ni Roberto Clemente, Topps 1955, namba 164. Kadi za mwaka ule zimelala kwa upana, kila moja na picha mbili: sura kubwa na mwili mzima mdogo ukiwa mchezoni. Clemente alitoka Carolina, Puerto Rico. Pirates walimchukua mwishoni mwa 1954 kutoka timu ya Dodgers, waliokuwa wamemweka kwenye timu yao ya chini kule Montreal, kwa dola 4,000. Katika ligi kuu aliichezea Pittsburgh tu, maisha yake yote. Septemba 30, 1972 alipiga pigo lake la 3,000. Desemba 31 mwaka huohuo alipanda ndege iliyojaa misaada ya watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko. Ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka San Juan. Mwili wake haukupatikana. Mapigo yakabaki 3,000 kamili. Waliondoa kanuni ya kusubiri miaka mitano baada ya mchezaji kuacha kucheza, wakamwingiza Jumba la Mashujaa 1973, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini. Pale PNC Park, ukuta wa upande wa kulia, upande aliokuwa akilinda enzi zake, una urefu wa futi 21, na 21 ilikuwa namba ya jezi yake.

Hayo yangetosha. Lakini kuna hili, na hili ndilo langu. Kadi ya 1955 imeandikwa Roberto Clemente. Mwaka 1957 Topps wakabadilisha: Bob Clemente. Wakaendelea hivyohivyo, Bob, Bob, Bob, hadi 1969. Mwenyewe alitaka aitwe Roberto. Ukizipanga kwa miaka unamwona mtu mmoja, uso uleule unakomaa, jina limekatwa kingo kama ile kadi ya Mastro. Mwaka 1970 jina likarudi.

Beji yangu ya kazi imeandikwa Sal. Sikuomba. Siku ya kwanza msimamizi aliniuliza kama nina jina fupi, nikasema Salehe ni silabi tatu, akacheka, akachapa. Kwa hiyo nilipopata hela ya kununua kadi yangu ya kwanza ya zamani, sikumtafuta Roberto wa 1955, ambaye aliye safi kabisa aliuzwa dola 478,000 mwaka 2016. Nilimnunua Bob wa 1964, ana mkunjo kwenye kona na doa la bigijii mgongoni, dola arobaini na mbili. Dola mbili nikaomba punguzo, nikanyimwa. Namweka ndani ya pasipoti.

Mzee alinitaka nimpe kadi yake mkononi kila jioni. Macho yanaondoka, katikati ya kila anachotazama kuna ukungu, pembeni anaona. Kwa hiyo kadi alikuwa haitazami, anaishika. Kidole gumba kinatembea ukingoni mpaka kinakuta tundu, kinatulia. Mwaka jana mwanawe, anayekaa jimbo jingine, alikuja, akaichukua, akaipeleka kupimwa. Nia yake njema. Ilirudi baada ya miezi mitatu ndani ya kasha la plastiki, na alama ya chini kabisa, 1, kwa sababu ya pini. Kijana alikasirika kwenye simu nikasikia chumba cha pili. Bado, alisema, iacheni humohumo, ndani ya kasha ina bei, nje haiaminiki.

Wiki nzima Mzee aliishika plastiki. Anaizungusha, anatafuta tundu, anaiweka mapajani. Siku ya nane, nimeshampa dawa ya saa mbili usiku, akaniambia nilete koleo.

Nikamkumbusha alichosema mwanawe. Nikamkumbusha pia kwamba mimi sheria za kazi haziniruhusu kuchezea mali ya mteja, na kama kadi ikipasuka jina litakaloandikwa kwenye ripoti ni Sal. Akaniuliza kadi ni ya nani. Nikaenda kuchukua koleo.

Kasha lile halifunguki kama boksi. Limeunganishwa kingo zote. Nililifunga kwenye taulo, nikabana kona moja polepole, likalia kama mfupa wa kuku, halafu kona ya pili, halafu nikaingiza kisu cha siagi. Jasho lilinitoka kuliko siku ya mtihani wa uraia. Kadi ilitoka nzima. Alama 1 na karatasi yake ikabaki kwenye taulo pamoja na vipande vya plastiki.

Mzee aliinusa kwanza. Akasema bado ina bigijii. Nikainusa mimi, nikapata vumbi, nikamwambia ndiyo. Kidole gumba kikaanza safari yake, kikafika, kikatulia hapo muda mrefu nikadhani amelala.

"Usiiweke juu," akasema. Nikaichomeka katikati, ya sabini hivi, nikafunika boksi, nikalifunga kwa katani.